Mama Alipomtunza Mpiga Kinanda wa Roki

Ndugu yangu mdogo alikwenda Ujerumani kusomea umeme, na umeme kausoma, cheti anacho, msije mkasema hakusoma. Lakini mwaka wa tatu wa masomo alikutana na vijana wanne katika chumba cha chini cha duka la mikate, wakaunda bendi ya roki. Tangu siku hiyo cheti kimo kabatini kwa Mama hapa Maskati, kimefungwa plastiki, na mwenyewe yumo njiani anapiga kinanda.

Roki yenyewe sasa! Vijana wamezaliwa wakati muziki ule ushazeeka, wao wakaushikilia kama vile umetoka jana. Magitaa ya kunguruma, ngoma kama mtu anahamisha makabati, nyimbo za dakika kumi na moja. Kompyuta hawaitaki. Wanarekodi kwa utepe, wote chumba kimoja, akikosea mmoja wanarudia wote. Amplifaya zao ni zile zenye taa za kioo ndani, lazima ziwashwe mapema zipate moto kama jiko la mkaa. Nywele mpaka mabegani. Na suruali, ya Rabbi, suruali za bugaluu, pana chini kama kengele!

Mie nimeifuata kazi ya bendi hii kuliko nilivyoifuata kazi yangu wizarani. Najua kwamba santuri yao ya kwanza waliiuza wenyewe nyuma ya gari, na nusu ya santuri zilipindika kwa jua kabla hazijapata mnunuzi. Najua mwimbaji wao wa kwanza aliwaacha akenda kusomea udaktari wa meno, wakakaa karibu miaka miwili wanapiga bila ya mtu wa kuimba, mpaka wakampata huyu wa sasa, mtoto wa mfuga ng'ombe, mrefu kama mlango, sauti yake unaweza kumwitia mtu aliye Nizwa nawe uko hapa Maskati. Wapiga ngoma wamepita watatu. Mmoja alioa, mmoja waligombana kwa ajili ya dirisha la gari, lifungwe au liwe wazi, na wa tatu ndiye aliyedumu. Mwanzo waandishi wa muziki waliwacheka, wakasema hawa wanaiga tu wazee. Ikafika santuri ya nne, wale wale wakaanza kuwasifu kwa sababu ile ile. Wakaalikwa Japani, wakaalikwa Brazili. Utajiri hawakuupata, lakini wakawa na watu wao kila mji, watu wanaosafiri kutwa nzima kuja kuwasikiliza wakisimama kwenye matope.

Baba hakuyapenda hayo, mpaka amekufa hakuyapenda. Akiulizwa na watu, alikuwa akijibu, "Yuko Ujerumani, mambo ya umeme." Kinanda si kinatumia umeme? Basi hakusema uongo.

Aliyesema uongo ni mie, na ndiyo khabari nnayotaka kuihadithia.

Baba alipofariki, ndugu yangu alikuja, akakaa siku tatu za matanga, ya nne akarudi kwa sababu bendi ilikuwa na safari ishapangwa. Nikabaki na Mama nyumbani kwetu Qurum. Mie nimeachika zamani, mtoto sina. Mama ana sukari na goti moja halimtaki tena. Kwa siku za kazi yupo binti wa Kiganda anayetusaidia, msichana mwenye bidii na maneno mengi, Kiswahili chake kakichukua Nairobi alikofanya kazi kabla ya kuja huku. Lakini hospitali ni mie, sindano ni mie, wageni wa Mama ni mie, na Ijumaa na Jumamosi, siku ambazo wenzangu wanakwenda pwani, binti anapumzika na anakwenda kanisani, kwa hivyo siku hizo khasa ndizo nnazokuwa mtumwa. Nampenda Mama yangu, wallahi nampenda. Lakini nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nna wivu.

Jioni moja nikashika simu nimpelekee ndugu yangu ujumbe wa sauti. Nilikusudia kumwambia, "Nimechoka peke yangu, njoo." Mdomo ukasema, "Mama anasema imetosha sasa, urudi nyumbani."

Likanitoka tu. Na Mama hata hakusema hivyo! Mama alikuwa chumba cha pili na binti wa Kiganda, wanatazama video ya bendi kwa simu ya binti, Mama anasema, "Hebu rudisha pale anapoinamisha kichwa." Kila wiki alikuwa akiuliza, "Mwanangu kapiga wapi?" Mwanzo alikasirika, sikatai, lakini hasira zilimtoka zamani. Kwangu ndiko zilikobaki.

Uongo ukishausema mara moja, mara ya pili huusikii uzito. Miaka minne nikawa napeleka. Mama kanuna. Mama hataki kusikia habari za muziki. Mama anasema ukimpenda utarudi. Na yeye masikini, kila akimpigia simu Mama, anaogopa kulitaja jambo lenyewe. Wanazungumza baridi, mvua, umekula nini. Mama naye anaogopa kuuliza sana asije akaonekana anamchunga. Basi kila mmoja anasubiri, na katikati nipo mie nimekaa na simu yangu.

Mwaka jana akanipigia. Sauti yake ilikuwa chini. "Dada, mwambie Mama kashinda. Nimewaambia wenzangu naacha. Nao wamesema bila ya kinanda hawaendelei, wanavunja bendi. Imetokea hoteli moja huko Bustan, hapo Maskati, wana siku ya magari ya zamani na muziki, wametualika. Tutafunga hapo. Angalau Mama aone mara moja kitu nilichokuwa nikikifanya."

Nikamwambia, "Alhamdulillahi." Nikakata simu.

Ungelikuwa wewe ungesema ukweli saa ile. Mie nikenda kumtolea mashuka mapya.

Wakaja watano. Mama alikaa ukumbini kwenye kiti chake, fimbo mkononi, kavaa vizuri kama anapokea mahari. Waliingia wamevua viatu mlangoni, walishafundishwa, lakini suruali zile zilikuwa zinaburura chini mpaka zinafagia zulia. Mama akazitazama. Akaniita kwa jicho.

"Bugaluu!" akasema. "Yakhe, hizi bado zipo? Kaka yangu Unguja, zilipopigwa marufuku, alikatwa suruali kama hii kwa mkasi, njiani, watu wanatazama. Alilia siku mbili." Akamwashiria mwimbaji asogee, akalishika pindo la suruali, akaligeuza kuangalia mshono. "Mwambie kashoneshewa vizuri."

Ndugu yangu akafasiri. Yule mrefu akainama kwa adabu, akawa mwekundu kama tungule. Kisha wakala. Mama aliwapakulia pilau kwa mkono wake, na kila sahani ikitaka kumalizika anaongeza, mpaka mpiga ngoma akaniangalia kama mtu anayeomba msaada. Sikumsaidia. Nyumbani kwetu anayemaliza sahani anaongezwa, alikuwa afikiri mwenyewe.

Ila ndugu yangu hakuwa na raha. Alikuwa akimtazama Mama kwa pembeni, anatafuta ile ghadhabu niliyomwambia, haioni. Nikawa naingia na kutoka jikoni kwa mambo ambayo hayakunihitaji.

Shida ikatokea ya kinanda. Chake hakiwezi kupanda ndege, kizito, mbao tupu, na hoteli ikamwekea kidogo cha plastiki cha kisasa. Akakigusa mara moja, akakaa chini. "Kwa hiki, Dada, bora tusipige." Binti wa Kiganda alikuwa anakusanya vikombe. Akasema, "Madam, kule kwetu kanisani iko moja ya mbao, imefunikwa shuka, hakuna mtu anaipiga. Nikiongea na wazee watatupa, mafi mushkil, hakuna shida." Na kweli wakatupa. Tukakifuata Ghala, mtaa wa makanisa na magereji, kwa pikapu ya kuazima, tukakipitisha kwa fundi Mhindi hapo hapo Ghala, karakana baina ya wauza matairi, akakifungua, akakipuliza vumbi, akabadilisha waya mbili. Kikatoa sauti ambayo niliisikia kifuani. Binti akapiga makofi. Ndugu yangu alikuwa anacheka kama alivyokuwa akicheka mtoto, na mie nikageuka nikajifanya natafuta ufunguo.

Onyesho lilikuwa Ijumaa, likaanza alasiri. Uwanja wa hoteli una majani, bahari upande mmoja, milima upande mmoja, katikati magari ya zamani yamesuguliwa mpaka yanaumiza macho. Watu mchanganyiko: Wajerumani wenye vipara, vijana wa Kiomani wenye fulana nyeusi wanaozijua nyimbo zote, sijui walizijua wapi, na familia zilizokuja kwa ajili ya magari. Tulimweka Mama mbele, kwenye kiti, binti upande huu, ingawa ni siku yake ya mapumziko, mie upande huu. Nilikuwa nimemletea pamba za masikio. Akazitazama, akazitia kwenye mkoba.

Wakapiga. Sitawadanganya, nyimbo tatu za mwanzo nilikuwa naomba Mungu zimalizike. Ilipoadhiniwa Maghribi wakanyamaza, watu wakasali, taa zikawashwa, wakarudi. Hapo mwimbaji akasema maneno kwa Kiingereza, kwamba huu ni wimbo wao wa zamani kuliko zote, waliutunga chini ya duka la mikate, na leo wanaupiga kwa mara ya mwisho. Ukaanza pole pole. Kisha magitaa yakatulia, kikabaki kinanda peke yake.

Kile kinanda kilikuwa kinalalamika kama mtu aliyekaa mbali na kwao muda mrefu, na anapapenda kwao, na hawezi kurudi. Ndugu yangu kainamisha kichwa, nywele zimemfunika uso, haoni mtu.

Mama akainuka.

Kwa asiyejua ada zetu, nieleze. Katika taarabu, neno likikugusa hukai kitini. Unainuka, unakwenda mbele kwa mwendo wako, mabega yanacheza kidogo, na noti yako mkononi juu watu waione, unamtunza mwimbaji. Maana yake unauambia umma mzima: hili neno ni langu, na aliyelitoa nimemkubali. Mama alikuwa na sifa ya kutunza tangu Unguja. Nimeona wanawake wakinyamaza harusini kumwangalia Mama anavyotembea.

Basi akainuka, fimbo mkono mmoja, noti ya riali kumi mkono mmoja juu, akaanza kwenda jukwaani. Mlinzi akamwendea mbio akidhani kapotea. Binti wa Kiganda akamzuia mlinzi kwa mwili wake: "Muache, huyo ni mama ya mwenye anapiga!" Mwimbaji naye akamwona bibi kizee anakuja na fimbo kapandisha mkono. Yeye kwao, bibi kizee akija hivyo, kaja kulalamikia makelele. Akaogopa. Akawapungia wenzake wanyamaze. Gitaa likakatika, ngoma ikakatika, uwanja mzima kimya, na Mama yuko katikati ya njia na noti yake.

Mama akasimama. Akageuka kwangu, kahamaki. "Mbona wameacha? Nimefanya nini?"

Na ndugu yangu akainua kichwa. Akamwona. Kakulia kwenye nyumba ile ile, si wa kuelezwa. Nikauona uso wake unabadilika. Akamwambia mwimbaji kitu kwa Kijerumani, maneno mawili tu, akarudi kupiga, taratibu sana, mwendo wa mtu mwenye goti bovu. Mpiga ngoma akamfuata kwa vidole. Mama akajua kawekewa njia. Akacheza mabega yake, akaja mpaka jukwaani, wakamshika mkono kumpandisha ngazi moja, akaitia noti juu ya kinanda, mbele ya macho ya mwanawe. Akambusu kichwani. Watu wakapiga kelele, ambazo mpaka leo sijasikia mfano wake. Ndugu yangu alipiga wimbo wote uliobaki akilia, machozi yanadondokea kinanda cha kanisa.

Mie sikupiga makofi. Nilikuwa nimekamatika.

Asubuhi yake, Jumamosi, tukakirudisha kinanda Ghala, mie nnaendesha, yeye kando yangu. Tulipofika kwenye magereji akaniita.

"Dada."

"Naam."

"Mama anaweza kumtunza mtu anayemtaka aache?"

"Hawezi," nikasema. "Mama hajasema urudi. Hajasema hata siku moja. Nilikuwa nasema mie."

"Simamisha gari," akasema.

Nikasimama penye duka la matairi. Akashuka, akafunga mlango kwa nguvu, akasimama juani baina ya matairi yaliyopangwa, kanipa mgongo. Nilifikiri anaita teksi. Nilifikiri ndiyo basi, nimempoteza ndugu, na nikasema moyoni, umestahiki. Baada ya muda nikamwona anavuka njia. Akarudi na vikombe viwili vya karak, chai ya maziwa, akanipa kimoja dirishani. Uso wake bado mbaya.

"Mpiga ngoma keshauza ngoma zake," akasema. "Walilia wale watu, Dada. Wanaume wazima. Miaka kumi na sita."

"Najua."

"Hujui. Kwa nini hukusema kama ni wewe?"

"Kwa sababu ningesema ni mie, ungenambia nisubiri."

Akafikiri. Ndugu yangu ana tabia hiyo, hata akikasirika hukupa haki yako. "Kweli," akasema. "Ningekwambia usubiri." Akanywa chai. "Nimekukosea. Na wewe umenikosea zaidi."

"Zaidi sana," nikasema, nikaanza kulia hapo hapo, na muuza matairi akaingia ndani kwa adabu.

Akatoa simu, akampigia mwimbaji. Kijerumani sikijui, lakini yule mtu sauti yake haihitaji simu. Nilisikia kimya, kisha nikasikia ukelele, kisha nadhani alikuwa anawaamsha wenzake kwa kugonga milango ya hoteli. Ndugu yangu akakata, akafuta macho. "Hatuvunji. Ngoma tutamtafutia nyingine. Na mie kila mwaka siku za baridi, hatusafiri miezi miwili, nakuja nakaa na Mama, na wewe unatoka. Zaidi ya hapo siwezi, usinidai." Nikamwambia sidai. Tukakishusha kinanda, tukakifunika shuka lake.

Wakasafiri Jumapili. Niliporudi kutoka uwanja wa ndege, Mama alikuwa ukumbini na chai yake. Nilikuwa nishaamua nisilale na lile jambo. Nikakaa chini miguuni kwake, nikamwambia yote, ujumbe wa kwanza mpaka wa mwisho. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Miaka minne umenisingizia."

"Ndiyo, Mama."

"Na mwanangu miaka minne anadhani simtaki."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

Akanywa funda moja la chai. "Nitakusamehe," akasema, "leo sijaweza. Lakini sasa nambie. Neno lote hilo ulilokuwa ukilisema kwa mdomo wangu, lako lilikuwa lipi? Wewe unataka nini?"

"Mie sitaki kitu. Nataka wewe uwe na afya tu."

"Hilo la kwangu. Nimekuuliza lako."

Nna miaka arubaini na tisa. Nikaona haya kama mtoto mbele ya mwalimu. Mwisho nikasema, nimeinamia zulia, "Nataka Ijumaa na Jumamosi ziwe zangu. Usinihitaji. Tumtafute mtu, mie nitoke."

"Chukua."

Nikamtazama. "Basi tu? Chukua?"

"Ulikuwa hujaniomba," akasema Mama, akaninyooshea kikombe nimwongeze chai.